Kibuyu Kilichotoka Shimoni

Miaka ile ya shokoa, kazi ya kulazimishwa, Mdachi mmoja alichimbisha mashimo ya kupima bondeni, chini ya msitu wa Olmotonyi, akitafuta makaa ya mawe. Shimo la tatu ndilo alilopangiwa Lemburis. Kina chake kilikuwa kama wanaume saba waliosimama mmoja juu ya mwingine, na ngazi haikuwapo. Palikuwa na kamba moja tu, na kamba hiyo haikupanda wala kushuka bila amri ya Hatibu, nyapara aliyetoka pwani. Kando ya Hatibu alisimama askari na bunduki yake, kazi yake kuangalia asitoroke mtu.

Asubuhi moja sururu ya Lemburis ilitoboa tabaka jeusi, na tangu hapo maji yaliyomfika magotini yakawa yanatokota, nayo ni ya baridi. Mapovu tu, mapovu. Jana yake Hatibu alikuwa amewasha sigara juu kule akatupa njiti shimoni bila kutazama, na mwali wa samawati ukakimbia juu ya maji, ukamuunguza Lemburis vinyweleo vya miguu, ukafa. Na jana povu lilikuja moja moja. Leo ni kama uji jikoni. Adhuhuri Mdachi angekuja, na akija, taa hushushwa shimoni ili atazame rangi ya mwamba.

"Bwana Hatibu!" aliita. "Leo msishushe taa! Hewa ya huku inashika moto!"

"Juzi tumbo, jana kiuno, leo hewa," Hatibu akajibu. "Kesho utaniambia una mimba."

Wavuta kamba wakaangua kicheko.

"Nitoe kwanza, nikueleze vizuri."

"Nikikutoa kabla bwana mkubwa hajaja, tutalazwa kifudifudi wote wawili. Viboko hamsa ishirini, mimi na wewe. Chimba!"

Lemburis akatazama juu. Mbingu ilikuwa ndogo, kama kifuniko. Kichwa kilikuwa kizito na kifua kinavuta pumzi isiyoshiba.

Mara akasikia sauti ya mkewe, Nanyori. Wake wa watu wa shokoa walipiga kambi hapo hapo bondeni, na mbuzi wao wachache.

"Shikamoo, nyapara. Nimemletea maziwa."

"Marahaba. Funga kwenye kamba, haraka."

Kibuyu kikashuka. Lemburis akanywa mpaka tone la mwisho, akabaki amekikumbatia. Nanyori hakuwahi kuacha kibuyu kilale na uchafu. Kikirudi tu, hukisuuza, kisha huchomeka ndani kijinga chenye moto cha mzeituni wa porini na kukisugua kwa makaa yake, maziwa ya jioni yasije yakaharibika. Na siku zote hugeuza uso pembeni, kwa ajili ya moshi.

Kibuyu hiki kingeweza kuibeba hewa hii mpaka juu. Je, na leo atageuza? Na akisuuza kwanza, si hewa yote itatoka?

Hakuwa na njia nyingine. Akajaza kibuyu maji mpaka juu, akakipindua mdomo chini ndani ya maji, pale mapovu yalipozidi. Yakaingia, maji yakatoka. Akakifunika huko huko majini, akakifunga kwenye kamba.

"Mwambieni nimeshakisuuza!" akapaza sauti. "Akichome tu!"

"Haya, mume wa siku hizi anaosha vyombo!" mvuta kamba mmoja akasema, na kicheko kikaanza upya.

Kibuyu kikapotea kwenye mwanga. Akasikia nyayo za Nanyori zikienda mekoni, halafu hakusikia tena. Akasikia kwato za farasi wa Mdachi. Akasikia Hatibu akisema, "Leteni taa."

Nanyori, geuza uso. Geuza uso, mama wee.

Bup! Kisha ukelele wa mwanamke. Kisha watu wakikimbia, na sauti ya Hatibu imepanda kama ya mtoto: "Hiyo taa isiwashwe! Acha kiberiti! Vuteni mtu!"

Kamba ikashuka, Lemburis akajifunga, nayo ikamkaza makwapani, ikampandisha hadi kwenye majani. Alipopata macho ya kuona, alimwona Nanyori ameketi, nyusi moja imeungua, kibuyu kimepasuka mapajani.

"Ulitaka kuniua?" mkewe akauliza.

"Niliwaza utageuza uso."

"Niligeuza. Ningekuwa sijageuza, ungeoa mwingine."

Mdachi alikichukua kibuyu, akakinusa, akacheka kwa furaha. Akampiga Hatibu begani, akasema maneno mengi. Hatibu aliyatafsiri huku akitazama chini.

"Anasema hewa hiyo ni dalili, makaa yapo karibu. Anasema umefanya kazi njema. Kesho utashuka tena, bila taa."

"Na kuvuta pumzi je?"

"Hilo hakulisema."

Nanyori akanyoosha mkono kuifungua kamba iliyomzunguka mumewe. Hatibu akamshika kidole, taratibu kabisa.

"Iache, mama," akasema. "Askari anatazama."