Bi Theodora Hakukataa Neno

Abdulhafidh alikuwa amezitafutia lugha nne mama yao, yaani lugha moja ya kale iliyozizaa zote. Zenyewe ni lugha za visiwa vidogo vya mashariki ya Indonesia, ambako hajawahi kutia mguu. Na huyo mama alikufa zamani bila kuacha hata wasia. Lakini mtoto wa Unguja aliyehamia mtaa wa Alief, Houston, akapania udaktari wa isimu hashindwi na kitu. Alilinganisha lugha tatu, akamuundia mama maneno mia mbili, akakisia yangesemwaje katika lugha ya nne, akabaki na haja ya shahidi: lugha hiyo yenyewe. Ikimuunga mkono, siku ya Ijumaa, mbele ya watahini, anaitwa daktari. Ikimkana, miaka sita imekwenda na maji.

Shahidi alipatikana mji wa Euless, mwendo wa saa nne kwa gari: Bi Theodora, mpishi mstaafu, aliyeizungumza lugha hiyo tangu utotoni. Alimkaribisha mgeni kwa wali na samaki. Abdulhafidh akashiba, akatoa orodha yake. "Moto mnauita hivi, siyo?" Bi Theodora akatabasamu, akaitikia. Maneno mia mbili, ndiyo mia mbili! Bwana akarudi Houston kifua mbele.

Mkewe, Mwatime wa Mombasa, hutunza wazee katika nyumba ya kuwalelea.

"Yaani ume-drive kote huko ukamtajia majibu?" akamuuliza. "Mimi kazini daktari akimwambia mzee, 'Uko fine, eh?' mzee anajibu yes, na mguu umevimba hivi! Wewe, mgeni akiwa amekula kwako, utamwambia amekosea?"

Abdulhafidh akanywea. Kesho yake alirudi Euless mikono mitupu. Akaonyesha moto jikoni, akanyamaza. Bi Theodora akataja neno jingine kabisa. Akaonyesha maji; jingine tena.

"Mbona jana ulikubali?"

"Ulikuwa na furaha sana, mwanangu. Na ulitoka mbali."

Siku ya Ijumaa aliwaeleza watahini watatu kila kitu. Profesa wake, aliyekwisha kuchapisha makala kwa maneno yale yale, akavua miwani. Wazee wahamiaji husahau, akasema. Orodha ilimkumbusha Bi Theodora, na bila orodha akapotea. Wenzake wakaafiki.

"Kwa hiyo bibi huyu haijui vizuri lugha yake. Au wewe unaonaje, Daktari?" profesa akauliza.

Walikuwa wanamtazama kwa furaha kubwa, kalamu tayari mkononi. Abdulhafidh aliona aibu, aibu ya kweli, ikamchoma mpaka masikioni. Akatabasamu.

"Ndiyo," akasema.