Maharagwe ya Mama Cibalonza

Watu wa mtaa wa Mapendo watakuambia kwamba maharagwe ya Mama Cibalonza hayana mpinzani, na wasipokuambia wao, atakuambia mwenyewe. Alikuja Goma kutoka upande wa Bukavu, akauza chakula barabarani miaka kumi na minane. Sasa alitaka jambo moja tu: awe mpishi wa kambi mpya ya wageni huko Kibumba, pembeni mwa mbuga ya taifa, kambi iliyofunguliwa na ushirika wa wakulima. Alikuwa amechoka na vumbi, jamani, amechoka kwelikweli.

Mkuu wa kambi, Léocadie, mwanamke wa Masisi asiyecheka ovyo, alimwita aje apike waonje. Sharti lilikuwa moja: asitumie makala, yaani makaa, ya miti ya mbuga, apikie briketi, zile zinazofinyangwa kwa maganda na takataka za shambani. Mgeni anakuja kuuona msitu, alisema Léocadie, haifai tuuchome ili tumlishe.

Mama Cibalonza aliitikia ndiyo, ndiyo kabisa. Lakini maharagwe makavu yanataka saa nne motoni, na briketi hazijui haraka. Basi akafanya anavyofanya kila mama wa Goma mwenye shughuli: alinunua kwa jirani maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, akayatia kwenye ndoo, akapanda nayo Kibumba. Kule akawasha briketi kwa mbwembwe, akakaanga vitunguu kwa mawese, akayaunga. Moyoni hakuona kosa lolote. Moto wa jirani ni wa jirani, yeye unamhusu nini?

Mezani Léocadie alikaa na Gentil, mlinzi wa mbuga, ambaye wiki nzima alikuwa akiwafukuza wachoma makala kwenye mvua, akaanguka juu ya mawe ya volkano, mguu ukavimba. Gentil alimaliza sahani ya kwanza, akaomba ya pili. Kisha akamshukuru mama. Alisema hakuwahi kula maharagwe matamu hivi bila mti hata mmoja kukatwa, na kwamba leo ameona kazi yake si bure.

 Mama Cibalonza angeweza kunyamaza, mkataba uko mezani na Léocadie ameshashika kalamu. Lakini mtu akikushukuru kwa usichokifanya, na mguu wake umevimba mbele yako, utamtazamaje? Aibu ilimshika, na juu ya aibu hasira.

"Papa Gentil," akasema, "haya maharagwe yalichemukia kwa jirani yangu. Na kule tunapikaka na makala ya parke. Mapendo yote inajua."

Léocadie aliweka kalamu chini. Mama akaanza kukusanya sufuria zake, maana siri imekwisha kutoka. Gentil alikizungusha kijiko sahanini, hakukiinua.

"Bibi yangu naye anapikaka kila siku," akasema juu ya mke wake. "Sijamuulizaka makala yake inatoka wapi. Naogopa jibu."

Léocadie aliitazama sahani yake mwenyewe, iliyokwisha kulambwa.  Alileta maharagwe makavu kutoka ghalani, akayaweka mbele ya mama.

"Anza upya. Tutangojea."

Walingoja mpaka saa kumi na moja jioni, wakala tena, wameshiba na bado wanakula, na Léocadie akatia sahihi. Gentil alibaki nyuma. Aliomba gunia moja la briketi la kupeleka nyumbani, kisha akamuuliza Mama Cibalonza, polepole, aanzie wapi kumwambia mke wake.