Boliti za Nyuma Kushoto

Fundi aliinua pikapu kwa jeki, akavua tairi la nyuma kushoto, na nati mbili zikadondoka sakafuni zikiwa na vipande vya boliti ndani yake. Dereva, ambaye watu walimwita Mpole, alisimama mlangoni mwa gereji akila karanga.

"Zimekatika tena," alisema.

"Naziona."

Ilikuwa pikapu kuukuu ya kusomba matofali kutoka tanurini hadi mjini. Mara ya kwanza fundi alizilaumu nati, kwa sababu hazikuwa za rimu ile. Akazibadilisha, boliti zikakatika. Akasugua kutu nyuma ya rimu ili ikae sawasawa, zikakatika. Akaona matundu ya rimu yametanuka kama sikio lililochoka na hereni nzito, akaweka rimu nyingine, akakaza kwa kupishanisha, nati ya huku kisha ya upande wa pili, na kumwambia Mpole arudi baada ya mwendo mfupi zikazwe upya. Mpole akarudi, zikakazwa. Boliti zikakatika.

Sasa alichukua kipande kimoja akakitazama kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini, ina mistari kama mchanga uliopitiwa na maji. Ukingoni tu ndipo palipokwaruza.

"Hii haikukatika kwa pigo," alisema. "Imechoka. Imepindwa kidogo kidogo mpaka ikasema basi. Kushoto huwa unabeba nini?"

"Kwenda ni matofali, yamepangwa sawa. Kurudi sina mzigo."

"Huna kabisa?"

"Ninao wale wapakiaji tu."

"Wapakiaji gani?"

"Wale waliokufa."

Fundi akafuta mikono kwa tambara. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. "Ungesema mapema," alisema, "nisingehangaika na rimu."

"Hukuniuliza."

Wapakiaji hao walikufa mwaka uliopita, tairi hilohilo lilipochomoka kwenye mteremko wakitoka mjini. Bosi wa tanuri aliwaambia polisi kwamba dereva wa wakati ule alikuwa akikimbiza gari. Dereva yule alifungwa, na bado yumo.

Fundi aliweka boliti mpya, na alasiri akapanda na Mpole kwenda kujionea. Matofali yaliposhushwa mjini na bodi kufungwa, wapakiaji walitoka kwenye kivuli cha ukuta wakapanda mmoja mmoja. Wote walikaa kushoto. Springi zikalia, pikapu ikainama. Mdogo wake alipanda wa mwisho, shati limechanika begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama je?"

"Mgongo tu unamsumbua. Mbona mmejazana huku, na kulia ni kweupe?"

"Siku ile bosi alipakia kochi lake jipya kulia. Akasema tukae huku tusilichafue. Dereva akamwambia gari limelala mno, na boliti zimechakaa. Akajibu twende hivyohivyo, ana wageni. Tulikwenda kama kobe, kaka, lakini mteremko ni mteremko."

"Kochi halipo sasa. Hamieni kulia."

"Wewe si bosi wetu," mdogo wake alisema, bila ukali. "Aje aseme mwenyewe."

Fundi akamfuata bosi nyumbani. Alimkuta amekaa kwenye kochi, bado limevikwa nailoni. Bosi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama wote wanapanda au wengine wamebaki makaburini. Fundi akasema wote.

"Neno moja tu, bosi. Waambie wahame."

"Nikiwaambia wahame, nitakuwa nimekiri kwamba mimi ndiye niliyewakalisha pale. Watamtoa yule aliye ndani, kisha watatafuta wa kuingia badala yake." Bosi aliinuka, nailoni ikamganda kidogo kisha ikamwachia. "Wewe ni fundi. Weka boliti nene."

Fundi alipitia kituo cha polisi. Askari wa zamu aliuliza kama marehemu wanaweza kufika kutoa maelezo. Fundi akasema wao hupita njia ya pikapu tu. Askari akafikiri, akasema njia hiyo haipiti kituoni.

Jioni alimkuta mama yake anaanua nguo. Akamwambia mdogo wake amemsalimu.

"Amekonda?" mama aliuliza.

"Yuko vilevile."

"Haya." Mama akaendelea kukunja nguo. Shuka moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Kesho yake fundi alitoboa upya matundu ya habu, kile chuma kinachobeba tairi, na ya rimu, akaingiza boliti nene. Hizo hazikukatika. Bosi alifurahi, akatuma salamu kwamba kazi nzuri hujisifu yenyewe. Mke wa dereva aliyefungwa aliendelea kupeleka chakula gerezani.

Sasa kila pikapu inaporudi kutoka mjini, imelalia kushoto, fundi huisimamisha mbele ya gereji akague nati. Boliti mpya si za kuachwa hivihivi. Mpole hazimi injini. Mdogo wa fundi hukaa ukingoni kabisa, miguu ikining'inia juu ya tairi.

"Miguu," fundi husema.

Mdogo wake huiinua, spana ikapita.