Safu ya Tatu

Leonidas alipitisha kidole kwenye bango la vitenzi vya Kiingereza alilolibandika ndani ya kibanda cha walinzi, mpaka akakipata alichokuwa akikitafuta. Steal, stole, stolen. Nje kulikuwa kumepambazuka. Upepo ulikuwa ukiingiza vumbi kupitia uzio uliokatwa upande wa mashamba ya alizeti, na mlango wa stoo ulikuwa wazi, kufuli limelala chini. Betri mbili za sola hazikuwepo. Ilimpasa atoe taarifa kabla ya kukabidhi zamu, tena aitoe kwa Kiingereza.

Amri hiyo ilikuja na meneja mpya, mgeni aliyekaa Dar es Salaam na kusoma kila kitu kwenye simu. Kampuni iliuza pampu za maji. Walinzi wake walitoka vijiji vya Ilongero na Mungaa, na tangu waanze kazi hakuna mwizi aliyewahi kuwasemesha Kiingereza. Lakini amri ni amri: taarifa zote ziende kwenye grupu la WhatsApp, kwa Kiingereza, na asiyeweza aache kazi. Wengine waliondoka wiki hiyohiyo. Leonidas, na mvi zake zote, akanunua bango stendi, akaanza kukariri eat, go, sleep kama mtoto wa chekechea. Aliyemfundisha ni Evodia, msichana aliyemaliza kidato cha nne akaishia kufagia ofisi ya kampuni.

"Baba, ukishaweka have, usihangaike," alizoea kumwambia. "Kimbilia safu ya tatu."

Basi akakimbilia safu ya tatu. Alichotaka kusema ni kwamba ameibiwa. Akaandika: Good morning sir. I have stolen two battery. Akaisoma tena, akaridhika, akaituma. Tusifiche, alijiona msomi kidogo.

Jua lilipopanda, msimamizi akamwita ofisini.

"Shikamoo, mzee," alisema Chediel, kijana ambaye Leonidas angeweza kumzaa.

"Marahaba."

"Mzee, umejimaliza." Akamgeuzia simu. "Hapa umeandika kwamba umeiba."

Leonidas alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akamwona Evodia, aliyekuwa akipiga deki pale mlangoni, ameinamisha uso na hauinui. Kicheko kikamkauka.

"Mimi nimeandika nimeibiwa."

"Nimeibiwa inaandikwa vingine. Hii ni nimeiba."

"Sasa wewe si unajua nilichotaka kusema? Uzio umekatwa, nenda kauone."

"Uzio nimeuona, mzee. Mimi najua. Ila meneja ameshajibu. Anasema mlinzi amekiri, aondoke leo, na betri zikatwe kwenye mshahara wake."

"Mpigie basi. Mwambie nimekosea Kiingereza."

Chediel alishusha sauti. "Nilimwandikia kwamba walinzi wote niliobakiza wanakijua. Nikimwambia umekosea, na mimi naondoka. Na wewe utaambiwa huna sifa ya kazi. Vyovyote vile, hapa unatoka."

Leonidas alielewa kwamba kazi imekwenda. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Kule Ilongero yeye ni mzee wa kanisa, ndiye anayepitisha kapu la sadaka kila Jumapili. Angerudi kwa kuachishwa kazi, watu wangempa pole. Lakini habari ya wizi ingepanda bodaboda ikafika kabla yake, na kapu wangempa mtu mwingine.

Chediel alichapisha karatasi, safari hii kwa Kiswahili, ili mhusika aelewe anachotia saini. Iliandikwa: Mimi Leonidas, mlinzi, nimeiba betri mbili za kampuni.

"Saini hapa, mzee. Polisi hatuwaiti. Yaishe kimyakimya."

"Nipe kalamu."

Aliinama, akatafuta nafasi katikati ya b na a, akachomeka herufi mbili ndogo, i na w, zikakaa juu ya mstari. Nimeibiwa. Hapo ndipo akaweka saini.

Chediel aliisoma, akaichana. "Usinipotezee muda, mzee wangu." Akachapisha nyingine. Leonidas akachomeka herufi zake, akasaini. Nayo ikachanwa. Evodia alikuja akaokota vipande sakafuni, akarudi kwenye deki lake, maana na yeye aliogopa kupoteza kazi.

"Mara ya mwisho," alisema Chediel. "Nikichapisha tena, saini kama ilivyo, au naita polisi."

"Waite." Leonidas alivuta kiti ambacho hakukaribishwa, akakaa. "Kwao nitajieleza kwa Kiswahili."

Chediel aliishika simu, akakumbuka uzio uliokatwa na alichomwandikia meneja, asibonyeze namba yoyote. Mwishowe akaiweka mezani, akachapisha tena karatasi ileile. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Leonidas.