Jiwe la Asiyerudi

Randriamaro alilipenda neno "juu" kama mbuzi anavyopenda chumvi. Nyumba yake aliijenga kwenye mgongo wa kilima, juu kuliko kaburi la ukoo, jambo ambalo mtu wa nyanda hizi, Mbetsileo mwenye akili zake, halifanyi. Alipokaa kula, mkeka wake ulitandikwa juu ya mkeka mwingine. Ukimsalimia njiani alikuwa akisogea kwanza upande wa mlimani, ili akujibu akiwa anakutazama utosini.

Volatiana, binti wa baba yake mdogo, alimdharau tangu utotoni, ila kwa adabu. Alimwita kaka, akainama anapopita mbele yake, na moyoni akamwona kama jogoo aliyepanda lundo la samadi akadhani ni mlima.

Dharau hiyo angeendelea kuificha, lau si Ratsimba.

Ratsimba alikuwa kaka yake Volatiana. Hakutoka tumbo moja naye. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya, na baba yake Volatiana akamchukua, akamsimamisha mbele ya kijiji kizima, akasema huyu ni wangu. Katika nyanda hizi neno ni hilo hilo moja, manangana, yaani kusimamisha. Watu husimamisha nguzo za nyumba, husimamisha jiwe, na humsimamisha mtoto wa mwingine akawa wao. Aliyesimamishwa hivyo hulala kaburini pamoja na ukoo, na hakuna wa kumuuliza.

Lakini Ratsimba hakulala kaburini. Alikwenda kusini kuchimba yakuti, na shimo likamfunika. Wenzake walichimba mpaka maji yakawazuia, wakarudi na kofia yake tu. Mtu wa namna hiyo husimamishiwa jiwe. Pasipo jiwe hana pa kurudi. Huzunguka nje kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Volatiana alipanda kilima kwenda kumwomba Randriamaro, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, na bila kauli yake jiwe haliingii katika ardhi yao.

"Jiwe dogo tu, kaka," alisema. "Hata la kufika kiunoni."

Randriamaro alikuwa akichokonoa meno. "Jiwe husimamishwa. Nyumba husimamishwa. Yule aliokotwa."

"Baba alimsimamisha mbele za watu."

"Baba yako alikuwa na huruma. Huruma si ukoo, Volatiana. Leo nikimpa jiwe, kesho utaniomba jiwe la paka wenu."

Volatiana aliteremka kilima. Alihofia kwamba akifungua kinywa atamwambia yote, na jiwe lipotee moja kwa moja.

Baada ya mavuno Randriamaro akatangaza kwamba atasimamisha jiwe kubwa, refu kuliko yote yanayoonekana bondeni. La nani? La marehemu baba yake. Watu walitazamana, kama waliosikia mtu akijamba kanisani. Baba yake alifia kitandani mwake. Wao wenyewe ndio waliombeba, wakamfunga sanda ya hariri, wakamlaza kaburini upande wa wazee. Lakini Randriamaro alikuwa na fahali wawili wa kuchinja na madumu ya pombe ya miwa, na hoja za namna hiyo hupoteza makali kadiri nyama inavyokaribia.

"Baba yake yuko kaburini kwao, anamwita nani tena?" alinong'ona Zafy, mmoja wa wavutaji, siku ya kulivuta jiwe, wakifunga kamba.

"Anajiita mwenyewe," akajibu mwenzake. "Vuta, mbavu ziko jikoni."

Volatiana alikuja kwa kuwa ni wajibu. Alipika wali pamoja na wanawake, kisha akasimama kando ya njia kutazama. Bapa la jiwe lilikuwa limelazwa juu ya magogo, jeusi, refu kama ukuta. Juu yake alisimama msemaji, Ralaitsaro, na shuka lake jeupe begani. Kwanza aliomba radhi, kama ilivyo desturi: kwamba yeye si mkubwa wala mjuzi, kwamba amesimama juu ya wakubwa wake kwa kutumwa tu. Randriamaro alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba radhi zote zile zilikuwa zake.

Jiwe lilikwenda vizuri kwenye tambarare. Lilipofika kwenye mwinuko likakwama. Hapo ndipo msemaji huita. Ndivyo mawe yote ya nchi hii yalivyopanda. Kamba haivuti, jina ndilo linalovuta.

"Enyi mlioshika kamba," aliita Ralaitsaro, "nani hajarudi nyumbani?"

Watu walitazama miguu yao. Wangesema nini? Kumtaja mzee aliyelala kaburini, kwamba hajarudi, ni kumfukuza nyumbani kwake mbele ya macho yake. Hakuna aliyekuwa tayari kubeba balaa hilo kwa ajili ya mbavu. Randriamaro alikuwa amefikiria urefu wa jiwe, unono wa fahali na mahali pa kukaa wageni wa mjini. Swali lenyewe hakulifikiria.

"Mtajeni baba yangu," alisema.

"Mtaje wewe, bwana mkubwa," Zafy alisema taratibu. "Wewe ndiye mwanawe."

Randriamaro alirudi hatua moja nyuma. Hata yeye aliogopa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza Volatiana alimwona alivyo: mwanamume mfupi aliyevaa kofia ndefu.

Ralaitsaro akarudia, maana lazima arudie. "Nani hajarudi nyumbani?"

"Ratsimba," alisema Volatiana.

Hakupaza sauti. Hakuwa amepanga. Swali liliulizwa, naye alikuwa na jibu ambalo lilimkaa kooni tangu ile kofia ilipoletwa.

"Nani?" aliuliza msemaji.

"Ratsimba, kaka yangu."

Kamba zikakazika. Zafy ndiye aliyeanza kuitikia, kisha safu ya kwanza, kisha wote, Ratsimba, Ratsimba, na magogo yakalia, na jiwe likapanda.

"Simamisheni," Randriamaro alipiga kelele akikimbia pembeni. "Ralaitsaro, waambie wasimame."

"Jina limejibiwa, bwana," alisema Ralaitsaro kutoka juu. "Halirudishwi mdomoni. Ukitaka, ondoa fahali zako, tuseme jiwe lilikuja bila nyama."

Randriamaro akatazama wageni wake wa mjini. Hakuondoa fahali.

Jiwe lilisimama kabla ya jua kuelekea magharibi. Aliyelileta ndiye hulipaka mafuta, hivyo Randriamaro alipanda ngazi na bakuli la mafuta ya nundu, akalipaka kuanzia kichwani, huku wavutaji wakimwelekeza.

"Hapo umeruka, bwana mkubwa. Shavuni kwake."

"Mpake vizuri, ametoka mbali."

Aliposhuka, mikono ikinuka, alimpita Volatiana. "Ulipanga hili."

"Nilijibu swali, kaka," alisema, akainama kama kawaida yake.

Watu walipokwenda kula, alibaki. Jiwe lilikuwa limezidi urefu mno. Ratsimba angeona haya. Alikuwa mtu wa kukaa mlangoni kwenye harusi. Volatiana alitoa tumbaku kidogo, akaiweka chini, kisha akarudi jikoni akaleta sahani ya wali na kipande cha nundu, akaviweka karibu na tumbaku.

"Amekuchinjia fahali wawili, bwege yule," alimwambia. "Kula."

Halafu akakaa chini na kuanza kulia.