Mgeni Kaja

"Mgeni kaja!" Mama alipiga kelele kutoka ukingoni. Nilikuwa kwenye maji ya kiunoni, mshipi wa kuvulia mkononi, nimempa mgongo, nikamjibu kama tulivyojibizana miaka yote: "Mkubwa?"

"Mkubwa!"

"Basi usimlegeze! Mpige kichwani kabla hajakukimbia!"

Kwetu chewa hatajwi kwa jina akiwa bado majini. Babu ndiye aliyeanzisha mambo haya, eti samaki ana masikio. Akisikia anatajwa, anatema ndoana. Basi tukamwita mgeni, na neno likanoga mpaka wavuvi wa ng'ambo wakaliiba. Msimu ukifika, kamba wakiingia mkononi mwa bahari na maji makubwa, wageni nao huwafuata, wanene, midomo wazi. Hata leo mtu akilitamka neno hilo mlangoni, moyo hunipiga paa.

Nilingoja kishindo cha rungu. Kimya. Nikageuka nimsute Mama kwa uzembe wake.

Rungu lilikuwa limemponyoka. Mbele yake alisimama mwanamume mwembamba, viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magotini kama mtu anayelijua tope la pale. Alikuwa Kitinda, mdogo wangu, ambaye tulimlilia misimu mitatu iliyopita.

Jamani! Mshipi ulinichomoka mkononi, ukaenda zake na maji. Nilisimama tu, mdomo wazi, kama hao hao wageni wetu. Maana mimi ndiye niliyempokea baba kwenye machela, mtumbwi waliotoka nao umekutwa umepinduka, na mimi ndiye niliyezunguka mikokoni nikitafuta angalau shati la huyu. Baba tulimzika, yeye tukamzika kwa maneno. Na sasa yuko pale, anapepesa macho juani, tena kaota sharubu!

"Dada," aliniita.

"Nyamaza! Maiti hawasemi."

Kwa furaha na hasira pamoja, sikujua nimkumbatie au nimpige kweli hilo rungu. Mama hakumgusa. Alimtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama anayetafuta kilichopungua, kisha akamuuliza swali moja.

"Baba yako alisema nini?"

Kitinda akainama. "Alisema maji yamesimama, tuondoke."

Kila mvuvi wa pale anajua. Maji yakishajaa hutulia kidogo, hayaji wala hayaendi, halafu hugeuka na kukimbilia nje kwa nguvu za kubeba mtumbwi na waliomo. Yakisimama, kunja mshipi.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema bado mmoja tu, baba. Mgeni mmoja." Sauti ikamkatika. "Akakaa kwa ajili yangu. Nikatokea ng'ambo peke yangu, Mama. Ningerudi kwako na uso gani?"

Mama aliketi palepale topeni, na gauni lake safi. Akalia kilio ambacho hakukitoa hata siku ya maziko. Nami nikamvuta Kitinda shingoni, nikambana kifuani, huku nikimtukana matusi yote niliyoyajua.

Siku mbili alikula, akalala, akatazama ukuta. Ya tatu, Mama alimsimamia kitandani asubuhi.

"Mgeni siku mbili," alisema.

"Ya tatu mpe jembe," Kitinda akamalizia, bila kuinua macho.

"Jembe hatuna." Mama akamrushia mshipi wa zamani wa marehemu baba.

Tukaenda watatu kwa mtumbwi wa kuazima. Chewa walikuwa wanakula kwa fujo. Hata kipofu angevua. Kitinda alipata mmoja, akapata wa pili, na sasa akawa anatupa mshipi kama zamani. Kisha mshipi ukamvutika kwa nguvu hadi mtumbwi ukainama upande. Nami, kwa mazoea ya mdomo, nikapiga kelele: "Mgeni kaja! Mkubwa huyo! Usimlegeze!"

Kitinda alikuwa anatazama majani makavu yaliyokuwa yakielea kuingia ndani. Sasa yalikuwa yametulia juu ya maji. Mama naye alikuwa ameyaona. Alimkazia macho mwanawe.

Kitinda alichukua kisu, akaukata mshipi.

"Maji yamesimama, Dada," alisema. "Tuondoke."