Ng'ombe Niliyekuja Naye kwa Mume

Mume wangu Lemuel zamani hizo alikuwa akisomea uwakili hapa Vermont, Marekani, kwa kitabu cha kuazima, akinisomea kwa sauti huku nikisukasuka maziwa. Asubuhi ile akasoma kwamba mwanamke akiolewa, mali yake yote huwa ya mumewe.

Nikaacha kusukasuka. "Hata ng'ombe niliyepewa na baba?"

"Huyo ni wangu, Orpha," akacheka. "Hata gauni ulilovaa."

"Ala! Basi nenda kamkamue, mwenye mali!"

Kicheko kikamkauka. Akausoma tena ule mstari, uso umemshuka.

"Sheria inakuruhusu kumpa mtu umtakaye ng'ombe huyo?" nikamuuliza.

"Inaruhusu."

Nikamnyanyua binti yetu mchanga. "Basi mpe huyu, maadamu hajaolewa."

Lemuel akatoka kumwita jirani awe shahidi.